Neno Moja, Viwanja Vingi: Mfasiri na Neno "Field"

Katika mji wa Isiolo, nchini Kenya, mtaa wa Kiwanjani unapakana na uwanja wa ndege. Jina la mtaa huo linadhihirisha ugumu wa kulitafsiri neno la Kiingereza "field". Panapolimwa mahindi ni shamba; panapochezwa kandanda ni uwanja; ardhi iliyopimwa ili ijengwe ni kiwanja, ingawa Wakenya wengi husema ploti. Fizikia nayo ina uga wa sumaku.

Hata wanataaluma hawajaafikiana. Mtafiti wa Kenya huenda nyanjani, wa Tanzania huenda uwandani. Neno la kwanza latokana na nyanja, wingi wa uwanja; la pili latokana na uwanda, yaani ardhi tambarare. Yote mawili yanafaa, mradi tasnifu moja isiyachanganye.

Nahau huhitaji uangalifu zaidi. Waingereza wanapodai uwanja wa mchezo usawazishwe, hawaombi tingatinga; wanadai ushindani wa haki. Nahau hiyo ikitafsiriwa neno kwa neno huko Kiwanjani, ambako upanuzi wa uwanja wa ndege uliwahamisha baadhi ya wakazi, yaweza kuzua hofu ya kuhamishwa tena.

Hivyo basi, mfasiri hana budi kujiuliza: neno hili linatenda kazi gani katika muktadha wake, na ni nani atakayelisoma? Kamusi humpa visawe. Uteuzi ni wake, na athari za uteuzi huo humfikia msomaji.