Mtoto wa Efendi

Wasomaji wa Kiswahili wamezoea upelelezi wa Bwana Msa, mvuta kiko ambaye marehemu Muhammed Said Abdulla alimtoa hadharani katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960; na msomaji akifika ukurasa wa mwisho huwa amekwisha kumjua mwuaji na sababu yake, akalala kwa raha. Lakini yako mafumbo yasiyo na Bwana Msa, nayo yamekaa kimya katika nyumba za Temeke na Kinondoni, ambamo mjukuu huuliza babu mkubwa alikwenda wapi wakati wa vita vya Wadachi, bibi akajitia hasikii, au akasema kwa ukali kidogo, "Hayo yaache, mjukuu wangu," na mazungumzo yakageuzwa kuwa ya bei ya mchele.

Fumbo moja la jinsi hiyo limefumbuliwa, nalo chanzo chake ni hapa hapa mjini. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa Msudani mwenye cheo cha efendi katika jeshi la Wajerumani, cheo ambacho juu yake mtu mweusi hakuweza kupanda. Wasudani walianza kuletwa pwani mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipowaajiri kule Misri ili kumvunja nguvu Abushiri bin Salim, na tangu hapo hata Vita vya Maji Maji askari wa jeshi lile ndio waliokuwa mkono wa dola katika kutoza kodi, kuchoma vijiji na kuwachapa watu viboko, ile adhabu ambayo pwani nzima iliijua kwa jina la hamsa ishirini. Basi mtu asistaajabu ikiwa dhuria wa askari hao waliona ni hadhari kutoitaja nasaba yao mbele ya majirani ambao babu zao ndio waliolazwa chini wakachapwa.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Mahjub alikuwa mtoto wa miaka 10, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya utumishi katika meli za Kijerumani, na mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na haja moja kubwa, nayo ni kudai mshahara wake na wa baba yake ambao tangu vita ulikuwa haujalipwa. Serikali ilimjibu kwamba amechelewa.

Kwa yeyote aliyebaki Dar es Salaam, habari za mtu kama huyu zingeweza kukomea bandarini: alipanda meli, hakuonekana tena. Kumbe kule Ulaya, kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alikuwa akihudumia wageni katika nyumba za starehe, akiwafundisha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1933 na kupata watoto, na kuigiza katika sinema, mojawapo ikiwa ni ile ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, mtu ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa. Akaenda kuinunua dukani, akaivaa. Wako watakaomcheka kwa jambo hilo, mimi siwezi, kwa kuwa sioni ni nani aliyeilipia nishani ile kwa bei kubwa zaidi kuliko mtoto aliyejeruhiwa vitani. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mwingine mweupe, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia humo.

Aliyeyakusanya haya ni mwanahistoria wa Köln, Marianne Bechhaus-Gerst, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2007, mwaka ambao kibao kidogo cha shaba kiliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa Mahjub katika mtaa wa Brunnenstraße huko Berlin. Ajabu ya upelelezi wake ni kwamba ukaidi wa Mahjub ndio uliouwezesha: kila alipodai haki yake karani aliandika, na kila alipokataliwa jalada lilizidi kunenepa. Malipo aliyoyataka yaliidhinishwa na Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1960, kwa askari wazee waliokuwa wangali hai, ilhali yeye amekwisha kufa miaka mingi.

Hata hivyo, jalada halikuandika mtoto wa miaka 10 aliona nini vitani, wala baba yake alimwambia nini usiku. Mahali hapo karatasi hunyamaza, na mtunzi ndiye huingia: Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, amemweka mtoto anayesumbuliwa na sauti ya mwanamke anayemtafuta ndugu aliyekwenda vitani asirudi, mpaka mtoto huyo anapokuwa mtu mzima na kwenda Ujerumani kumtafuta mjomba wake katika majalada.

Upande wa Kinondoni, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, yako makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, na Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam zinahifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Kinachopungua ni maneno ya majumbani. Kwa hiyo, ewe msomaji, kama kwenu kuna hati ya askari au picha ya mtu aliyevaa tarbushi ambaye jina lake halitajwi, mkalie karibu bibi yako mkiwa wawili tu, umwulize kwa adabu, na atakalokujibu uliandike nyuma ya picha hiyo, pamoja na jina la aliyelisema na tarehe ya siku ile.