Jirani na Ulinzi wa Mtoto: Sehemu ya Pili

Baada ya dhuluma, yaani kumuumiza mtoto kimwili, kingono au kimawazo, sehemu hii inashughulikia utelekezaji, ambao ni kumnyima mtoto chakula, matibabu, masomo au uangalizi anaostahili, na ambao, kwa kuwa hauachi alama mwilini upesi, huzoeleka kijijini kabla haujatambuliwa kuwa kosa.

Katika mashamba ya mahindi yanayouzunguka mji wa Kitale, dalili zake hujitokeza msimu wa mavuno, mtoto wa darasa la nne anapookota mahindi nyuma ya wavunaji siku ya shule, huku mwenye shamba, msimamizi wa vibarua na dereva wa trekta wakimpita bila hata mmoja kumwuliza anasoma wapi. Hata hivyo, ufukara peke yake si utelekezaji. Mama wa mtaa wa Kipsongo anayetoka alfajiri kutafuta kibarua, akamwacha mchanga mikononi mwa dada yake wa miaka 8, hahitaji kushtakiwa. Anahitaji jirani wa kumshikia mtoto hadi jioni, na msaada huo huzuia madhara mengi kuliko lawama. Baba mwenye kipato anayekataa kulea ni jambo jingine kabisa, kwa maana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na mama aliyeachiwa mzigo anaweza kupeleka malalamiko yake kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Linalotia uchungu zaidi ni desturi ya kumaliza mambo nyumbani. Katika vijiji vya Bungoma, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, kesi za unajisi, yaani kumwingilia mtoto kingono, zimewahi kuzimwa mbele ya wazee kwa mbuzi au pesa, ilhali chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 uamuzi wa kusitisha mashtaka si wa mzee wa kijiji wala wa familia, bali wa mkuu wa mashtaka ya umma. Kikao cha namna hiyo pia hupoteza muda usiorudi: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianze kabla ya saa 72 kupita, kwa hiyo mtoto apelekwe hospitali mara moja, kabla ya kuogeshwa, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu unaoharibu ushahidi.

Anayechelea uhasama na majirani anaweza kupiga 116, nambari isiyolipiwa inayopokelewa usiku na mchana. Asisubiri kuwa na hakika. Apige anaposhuku, kwani kuchunguza ni kazi ya maafisa.