Muuguzi Aliyewahi Kulazwa

Mgonjwa aliye kitandani hasemi yote, na anayefichwa zaidi ni yule anayeshika sindano. Mwaka 2011 na 2012 watafiti waliwahoji akina mama waliojifungua katika hospitali na vituo vya afya vya Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Walipoulizwa wakiwa wanatoka wodini, kama 19 katika kila 100 walisema walikaripiwa, walipuuzwa au walitendewa vibaya kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki tano hadi kumi baadaye, kiwango kilipanda hadi 28. Kutoka Korogwe hadi Hedaru, wilayani Same, ni barabara kuu moja, na huko pia mama anayeshuka kutoka vijiji vya juu milimani ana sababu zilezile za kunyamaza, maana akiuguliwa na mtoto atarudi mikononi mwa nesi yuleyule. Ndiyo maana nashikilia kwamba muuguzi akilazwa, anajifunza kitu ambacho wagonjwa wake wasingemwambia.

Tuangalie dripu ya usiku. Kwa aliye zamu, chupa iliyokwisha ni kazi mojawapo katika kazi nyingi, atafika. Kwa aliyelala, damu inayoanza kurudi kwenye mpira ni kifo kinachokaribia, kwani amesikia mtaani kwamba hewa ikiingia mshipani mtu hafiki asubuhi, na ndugu yake alishatolewa wodini muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Muuguzi aliyewahi kuitazama hivyo damu yake mwenyewe hangoji kuitwa. Anamweleza mgonjwa tangu anapofunga plasta nini kitatokea chupa ikiisha. Hata muuguzi mashuhuri Florence Nightingale aliugua homa kali huko Crimea mwaka 1855, na maradhi yakamwandama kwa miaka mingi. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alikemea vikali minong'ono karibu na mgonjwa, na mazungumzo ya daktari na jamaa nje ya mlango wake.

Lakini wapo wanaopinga, na wana hoja nzito. Utafiti wa Rachel Ruttan na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2015, ulionyesha kwamba aliyevuka shida fulani anaweza kuwa na huruma pungufu kwa yule anayeshindwa na shida hiyohiyo. Hatari hiyo ipo zaidi leba kuliko penginepo: "Mimi nilizaa bila kelele, wewe unalia nini?" Tena muuguzi akilazwa hatibiwi kama watu wengine, wenzake wanamfahamu, hapangi foleni. Nazikubali hoja zote mbili. Zinachovunja ni imani kwamba maumivu yenyewe humfundisha mtu upole. Alichokiona bado kinafaa, mradi kigeuzwe kuwa swali la kumwuliza mgonjwa, kisiwe kipimo cha kumhukumia.

Korogwe walifanya jambo linalokaribia hilo: wananchi na watumishi walikaa pamoja wakakubaliana mkataba wa huduma, hospitali ikarekebisha taratibu zake, na visa vya kuwatendea vibaya akina mama vikapungua sana. Kituo kama cha Hedaru kinaweza kuanzia kwenye makabidhiano ya zamu: muuguzi aliyetoka kulazwa aeleze kilichomtisha usiku, timu ichague mambo mawili ya kubadili. Kisha wiki kadhaa baadaye mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye hakumchoma mtu sindano, awapitie wagonjwa majumbani na kuwauliza kama wameona tofauti.