Goma: Soko lililosimama benki zilipofungwa

GOMA, Kivu Kaskazini

MGENI anayefika Goma akitaka kununua mahitaji yake yote chini ya paa moja, kama afanyavyo mkazi wa Lagos au Accra, itambidi abadili mpango.

Afrika Magharibi imezoea majumba makubwa ya kibiashara. Lagos ilifungua The Palms mwaka 2005. Accra Mall ilifuata mwaka 2008, na mwishoni mwa 2015 Abidjan ikapata Playce Marcory, yenye duka kuu la Carrefour kutoka Ufaransa. Huko mteja huegesha gari, hupita kwa mlinzi, hulipa kwa kadi na kula aiskrimu na watoto kabla ya kurudi nyumbani. Umeme ukikatika, jenereta huwaka na biashara huendelea.

Goma, jiji lenye wakazi zaidi ya milioni moja, haina jumba la ukubwa huo. Kilicho karibu nalo ni maduka makuu machache ya katikati ya mji, pamoja na maduka ya vyakula ambayo wenyeji huyaita 'alimentation'. Rafuni kuna maziwa ya unga, mafuta ya kupikia, mvinyo, sabuni, na jibini la Masisi linalotengenezwa milimani magharibi mwa jiji. Bei nyingi huhesabiwa kwa dola ya Marekani, na mteja hujifunza mapema kukagua noti zake: iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa.

Kwa miaka mingi wateja wakubwa wa maduka haya walikuwa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara, na watumishi wenye mshahara wa benki. Familia nyingi za Goma hupita mlangoni tu.

Wengi hununua wapi?

Wao huenda Soko la Virunga, ambako maharage, unga wa muhogo na mahindi hupimwa kwa kopo, na nyanya hupangwa mafungu. Huenda Birere, mtaa wa maduka uliobanana kando ya mpaka wa Rwanda, kutafuta nguo, simu, vitenge na vyombo vya nyumbani. Asubuhi huenda Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, ambako mitumbwi na maboti huleta ndizi na mihogo kutoka Minova, na mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, huuzwa wakiwa wabichi au waliokaushwa. Mizigo hubebwa kichwani, kwa pikipiki au kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo jiji limelijengea sanamu.

Kisha kuna Mpaka Mdogo, maarufu kama 'Petite Barrière', unaotenganisha Goma na Gisenyi. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa miguu kila siku, wengi wao wanawake wenye mtaji mdogo waliopeleka na kuleta mboga, nyama na unga. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, wengi walipoteza kipato chao. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi mpakani, Kongo ilipunguza saa za kuvuka, na mpaka ukawa unafungwa saa tisa alasiri. Kwa mama anayeuza bidhaa zinazooza, saa chache zinatosha kumla faida yote.

Jiji la mawe meusi

Kujenga jumba kubwa la maduka Goma kunahitaji zaidi ya saruji na vioo. Januari 17, 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika maduka na sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wa Goma. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Wafanyabiashara walijenga upya juu ya lava hiyo hiyo, kwa mawe yaliyochongwa kutokana nayo. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena.

Umeme nao ulikuwa kikwazo kwa muda mrefu, kisha hali ikaanza kubadilika. Desemba 2015 Hifadhi ya Virunga ilizindua kituo cha umeme wa maji cha Matebe, wilayani Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 jijini. Mwenye friji dukani akaweza kuuza maziwa na nyama bila kutegemea jenereta peke yake.

Januari 2025

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanaungwa mkono na Rwanda, madai ambayo Kigali inayakanusha, waliingia Goma. Mapigano yalikata umeme na maji. Maduka na maghala yaliporwa, yakiwemo ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Uwanja wa ndege ulifungwa. Benki zilifunga milango, na Kinshasa ikaacha kuzipelekea fedha. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya kigeni, wateja wa kutegemewa wa maduka makuu, waliondoka.

Hapo ndipo ilipoonekana nani anategemea nini. Duka kuu lilihitaji benki ya kumlipa msambazaji, umeme wa friji, na mteja mwenye mshahara. Muuza lengalenga na sombe alihitaji barabara, mkeka na mnunuzi. Masoko yalirudi haraka, ingawa walionunua walikuwa na fedha kidogo mno. Waliokuwa na akaunti walivuka hadi Gisenyi kutafuta pesa, au walitumia huduma za simu na kukatwa ada kubwa na mawakala. Aprili 7, 2025 waasi walifungua tena tawi la CADECO, taasisi ya akiba ya serikali, lakini benki za biashara zilibaki zimefungwa.

Hata hivyo, ustahimilivu wa soko una gharama, na anayeilipa ni muuzaji. Hana ghala, hana bima, na moto ukizuka Birere, ambako nyumba za mbao zimebanana, mtaji wa miaka huteketea usiku mmoja. Mama aliyekula mtaji wake ili watoto wasilale njaa hana benki ya kumkopesha mwingine.

Kwa hiyo swali la Goma si lini itapata ngazi za umeme na sinema kama Abidjan. Anayesubiri mizigo Kituku anahitaji barabara salama, mpaka unaoeleweka saa zake, umeme usiokatwa na vita, na benki iliyo wazi. Hayo yakipatikana, mwenye mtaji wa kujenga jumba la maduka atakuja mwenyewe. Yasipopatikana, hata jumba likijengwa litakuwa na vioo vingi na wateja wachache.