Ubora wa bingwa haupimwi kwa viwango vya kamari

Kila linapotangazwa pigano kubwa la uzani wa kati, mashabiki wa ndondi katika mabaraza ya Dabaso, kaunti ya Kilifi, hugawanyika. Wapo wanaomsifu bingwa kwa rekodi yake, na wapo wanaoshikilia kwamba amewapiga vibonde tu. Mwishowe mmoja hutoa simu na kusoma viwango vya kamari, kana kwamba hiyo ndiyo hukumu.

Kiwango cha kamari ni bei, nayo bei hufuata soko. Tuseme bingwa amewekewa 1.25, mpinzani 4.50 na sare 17.00. Ukigawa 1 kwa kila kiwango, utapata asilimia 80, 22.2 na 5.9, jumla 108.1. Hiyo asilimia nane iliyozidi mia ndiyo riziki ya mchezeshaji kamari, na huwa imekwisha kuhesabiwa kabla kengele haijalia. Isitoshe, umati ukimkimbilia bondia mmoja kwa mapenzi, bei yake hushuka ingawa ngumi zake hazikuongezeka uzito.

Rekodi nayo hudanganya. John Mugabi wa Uganda alipanda ulingoni Las Vegas mnamo Machi 10, 1986 akiwa ameshinda mapigano 25, yote kwa nokauti. Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati, alimwangusha katika raundi ya 11, ingawa naye alitoka jicho likiwa limefura. Mugabi alikuwa amejijengea jina katika uzani wa chini yake. Alipotwaa taji la WBC la uzani huo mwaka 1989, mpinzani wake, Mfaransa René Jacquot, aliteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Mshipi ni mshipi, lakini shabiki makini atauliza ulipatikanaje.

Karibu zaidi na Pwani yupo Hassan Mwakinyo wa Tanga. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, ni wachache waliompa nafasi mbele ya Sam Eggington. Akammaliza katika raundi ya pili. Septemba 2022, mjini Liverpool, yeye mwenyewe alishindwa na Liam Smith katika raundi ya nne. Januari 2023 Smith akamsimamisha Chris Eubank Jr, safari hii katika uzani wa kati, kisha Septemba mwaka huo huo Eubank akalipiza kisasi. Ile hesabu ya barazani, kwamba fulani alimpiga fulani aliyempiga fulani, hapo huvunjika.

Kwa mwendeshaji bodaboda wa Dabaso anayeweka shilingi 500 kwa bingwa wa 1.25, faida ni shilingi 125. Akikosea mara moja, atahitaji kupatia mara nne ndipo arudi alipoanzia.