Mzinga wa Arsenal haukuoshwa kwa petroli

SIKU Arsenal inapocheza, mzinga unauona kila kona ya mtaa. Upo kwenye jezi, upo kwenye kofia, upo kwenye kioo cha nyuma cha bajaji, na wapo mashabiki kindakindaki waliouchora kabisa mkononi.

Lakini waulize haohao Washika Bunduki wa London mzinga wa namna ile unaoshwa na nini. Mmoja atasema petroli, mwingine mafuta ya taa, na kijiwe kitawaka moto. Jibu lenyewe lipo jikoni kwa kila mtu: maji ya moto na sabuni.

WALITOKEA KIWANDANI
Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal, Woolwich, kusini mashariki mwa London. Jina la kwanza lilikuwa Dial Square, likitokana na karakana yenye saa ya jua iliyokuwa ndani ya kiwanda hicho. Desemba 11 mwaka huo wakakipiga mechi yao ya kwanza na kuishushia Eastern Wanderers kichapo cha mabao 6-0.

Nembo ya mwaka 1888 ilikuwa na mizinga mitatu iliyosimama wima, ambayo hadi leo kuna watu wanadhani ni mabomba ya moshi. Ni mizinga ya kizamani, ile inayojazwa kwa mdomoni. Unatia baruti, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Gobore la mwindaji wa kijijini linafanya kazi vilevile, tofauti ni ukubwa tu.

UCHAFU WENYE CHUMVI
Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Ikilipuka haiungui yote. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama moshi mzito na masizi, na sehemu ya masizi hayo huganda ndani ya mtutu.

Tatizo ni kwamba masizi hayo yana chumvichumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewani. Kwenye hali ya hewa ya unyevunyevu, mtutu ulioachwa bila kuoshwa unaweza kuamka na kutu kesho yake.

Hapo ndipo petroli inapofungwa mabao mengi. Chumvi inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye petroli wala mafuta ya taa. Zaidi ya hapo, mvuke wa petroli unashika moto kirahisi, na ukiwa umefungiwa ndani ya bomba la chuma ni hatari tupu.

Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini nazo ni kadi nyekundu, maana zinakula chuma. Ukizichanganya na siki au amonia zinatoa gesi ya sumu inayoweza kumuua mwoshaji. Haidrojeni peroksaidi, ambayo baadhi ya wapiga shabaha wa Marekani huichanganya na spiriti na sabuni, inatoa uchafu haraka lakini inaleta kutu.

KAZI YENYEWE
Utaratibu ni mwepesi. Kitambaa kinazungushwa kwenye mdeki, kinaloweshwa maji ya sabuni, kinasuguliwa mpaka kitoke cheupe. Maji yakigusa masizi hutoa harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa, isimtishe mtu.

Kisha mtutu unasuuzwa kwa maji safi ya moto, ambayo yanakauka haraka, unafutwa hadi ukauke kabisa, na mwisho unapakwa mafuta kidogo. Kabla ya kupiga tena, mafuta hayo yanafutwa.

Vitani maji yalikuwa na kazi nyingine. Baada ya kila mlio, sponji lenye maji lilisukumwa ndani kuzima cheche zilizobaki. Anayeruka hatua hiyo na kumimina baruti mpya juu ya cheche anaweza kupoteza mikono, au maisha.

KWANZA, HAKIKISHA NI TUPU
Hata sabuni nzuri haimsaidii anayeosha silaha iliyojazwa. Njia ya kujua ni kuweka alama kwenye mdeki inayoonyesha unaishia wapi mtutu ukiwa mtupu. Ukiingiza na alama ikabaki juu ya mdomo, ndani kuna kitu. Hapo kazi inasimama, anaitwa fundi mwenye leseni.

Januari 2, 1879, meli ya kivita ya Uingereza, HMS Thunderer, ilikuwa kwenye mazoezi katika Bahari ya Marmara, Uturuki. Mizinga miwili ya tani 38 ilipigwa pamoja, lakini mmoja haukulipuka na hakuna aliyegundua. Wakaujaza tena. Uliporuka, ulipasuka na kuua watu 11.

Mzinga wa pili ukarudishwa Woolwich kuchunguzwa. Mwaka 1880 ukajazwa mara mbili kwa makusudi, nao ukapasuka vilevile.

Miaka sita baadaye, kwenye kiwanda hichohicho, wafanyakazi wakachangishana senti zao wakanunua mpira.