Pombe ya Bibi Arusi

Siku za Jumamosi katika Makongeni ya Thika si ajabu kuona magari mawili matatu yamesimama mbele ya ploti, na watu wakipakia kreti za soda, magunia ya mchele na mablanketi. Apitaye akiuliza, hujibiwa kwamba wenyeji wanakwenda kwa wakwe. Wazee wa Kikuyu hukumbuka safari kama hizo zilipofanywa kwa miguu, na muratina ikichukuliwa katika vibuyu. Mzigo umebadilika, lakini ujumbe ni ule ule.

Ujumbe huo, kwa desturi ya Wachagga, ulitiwa katika picha moja ndogo mwaka 1956. Aliyeichora ni Bwana Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Picha ni ya rangi za mafuta juu ya kitambaa cha turubai. Upana wake ni kama sentimeta 51 na kimo chake kama 41, hata mtu aweza kuichukua kwapani. Jina lake alilipa kwa Kiingereza, na kwa lugha yetu maana yake ni kwamba wanaume wanampelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku.

Msomaji na aliangalie jina hilo kwa makini. Wametajwa wanaume, imetajwa pombe, ametajwa bibi arusi na saa ya safari. Bwana arusi hakutajwa kabisa! Kwa mgeni hili ni kosa, maana katika picha nyingi za arusi maharusi wawili ndio husimama mbele. Lakini kwa Mchagga, kama kwa Mkikuyu, Mkamba au Mluhya, kijana haoi peke yake. Ukoo ndio unaooa, na wanaume wale gizani ndio ukoo.

Nayo pombe si kinywaji tu. Mbege haipikwi siku moja. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa hata uchipue, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Na gome la msesewe hutia uchungu. Ndipo vyote huchanganywa. Ikiisha kuwa tayari, haiwekeki siku nyingi. Ng'ombe wa mahari aweza kungoja zizini, lakini mbege haingoji mtu. Kwa hiyo mwenye kupeleka pombe anapeleka migomba ya kihamba chake, jasho la watu wa nyumbani mwake, na ahadi iliyotimizwa kwa siku yake. Huenda ndiyo sababu wachukuzi wa picha hii hawakungoja mapambazuko.

Ntiro alisoma Makerere katika miaka ya 1940, chini ya Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko. Bibi huyo aliwasimulia wanafunzi wake tukio, kisha akawaacha walichore kama walivyoliona moyoni, pasipo kuwalazimisha kufuata kanuni za Ulaya. Baadaye, tangu 1952 hata 1955, Ntiro alikuwa katika chuo cha Slade, London, ambako kumchora binadamu aliye mbele ya macho kulikuwa nguzo ya mafunzo. Watu walitazamia arudi na mkono mwingine. Aliporudi Makerere kufundisha, alishika tena migomba yake, vilima vyake na watu wake wadogo wadogo wanaofanya kazi pamoja.

Wako waliosema kwamba picha zake ni za kitoto. Lawama hiyo si ya bure, maana katika baadhi ya kazi zake watu wamefanana kama punje za ulezi, wala uso wa huyu hautofautiani na wa yule. Hata hivyo, katika picha hii kufanana huko kunafaa. Mwenye kupeleka pombe ya ukoo hakwenda kuonyesha sura yake. Mtu aliyepita Slade hakukosa kujua namna ya kuchora pua.

Mwaka 1960 picha ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York, nayo imekuwa mali ya huko. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na Ntiro akawa balozi wake London. Alifariki mwaka 1993. Sifa ya kununuliwa New York ni kubwa, tena ni haki yake. Lakini wale ambao desturi yao imechorwa humo, wengi hawajapata kuiona ila katika kioo cha simu, ambapo picha iliyokuwa ndogo tangu mwanzo inazidi kuwa ndogo kama kiganja.

Mkazi wa Makongeni atakaye kuona kwa macho yake kazi iliyotoka katika shule hiyo ya Makerere, aweza kupanda matatu iendayo Murang'a. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo ziko picha tano za ukutani zilizomalizika mwaka 1959, kazi ya Elimo Njau, Mchagga wa Marangu, aliyekuwa mwanafunzi Makerere wakati Ntiro akifundisha huko. Humo Kristo amezaliwa katika nchi ya Wakikuyu, kati ya vilima ambavyo msafiri ametoka kuvipita njiani.